Nilipouzima Mwanga wa Kiwanja

Kila asubuhi, kabla hajanywa hata funda moja la chai, baba alikwenda kusimama mbele ya picha. Alisimama akiwa amevaa fulana yake ya kazi, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Picha ilitundikwa ukutani, pembeni mwa dirisha la mashariki, ili jua likiingia liipige kwa ubavu. Baba aliitazama kwa muda, kisha akasema neno moja tu: “Upo.” Baada ya hapo aliketi, akanywa chai, akachukua mfuko wake wa vyombo na kwenda kazini.

Kilichokuwepo ni mwanga. Baba alikuwa fundi wa plasta, na macho yake yalikuwa yanakwisha. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba tulichelewa kwenda kupima. Dawa za matone zingeweza kuchelewesha giza, lakini zisingerudisha kile kilichokwisha kupotea. Nyuso hakuziona tena, wala maandishi. Alibaki na mwanga na kivuli, na mpaka kati ya hivyo viwili. Kwa fundi wa plasta mwenye vidole vizuri, hicho kilikuwa bado ni kitu. Aliweka tochi kando ya ukuta, mwanga ukatambaa juu ya plasta, na pale palipokuwa na kinundu kivuli kilijitokeza chenyewe. Nimewaona mafundi wenye macho mawili mazima wakiacha mabonde ambayo baba aliyagundua kwa tochi na kiganja.

Picha ile aliichora mwenyewe, wiki ileile daktari alipompa habari. Alichana mfuko wa saruji, akachukua karatasi ya ndani iliyo safi, akaenda kiwanja cha kijiji asubuhi nne mfululizo. Giza alilichora kwa mkaa. Mwanga aliuweka kwa chokaa, akaichanganya na gundi na mchanga uliochekechwa, akaipaka kwa kidole gumba. Pembeni ulionekana ukuta wa mashine ya kusaga, kibanda cha kinyozi, bomba la maji na ubao wa matangazo, vyote vyeusi vyeusi. Katikati hapakuwa na kitu. Palikuwa na chokaa tupu yenye chembechembe na mikwaruzo iliyojipinda, na ukipita karibu sana bila uangalifu, punje ya mchanga ilidondoka sakafuni.

Sheria ya nyumba yetu ilikuwa moja: picha haiguswi. Hata baba mwenyewe hakuigusa, maana mkaa hutoka kwa kupanguswa kidogo tu. Ndiyo ilikuwa kipimo chake: siku atakayoshindwa kuuona mwanga ule, alisema, macho yake hayatafaa tena kwa kazi.

Mimi picha ile sikuipenda. Sasa naona haya kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Shuleni waliniita Rula, kwa sababu daftari langu halikuwa na mstari uliopinda wala doa la wino. Hata jua nililichora kwa bikari. Sasa mtoto kama huyo unamwekea mbele yake mfuko wa saruji uliopakwa masizi, halafu unamwambia ni picha?

Ijumaa moja mama alisafiri kwenda kumuuguza mama mdogo, aliyekuwa amejifungua. Siku hiyohiyo mwalimu wa sanaa alituambia kwamba Ijumaa inayofuata kila mmoja alete picha moja kutoka nyumbani. Jumamosi, baba akiwa kazini, rafiki yangu Kasuku alikuja kunitembelea. Aliitwa Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Aliitazama picha, akainamisha kichwa huku na huku.

“Hii nini?”

“Kiwanja,” nikasema.

“Kiwanja gani hakina mtu, hakina hata kuku? Baba yako alichoka katikati ya kazi?” Akacheka. “Ukiipeleka hiyo shuleni, mwalimu atakuuliza kama nyumba yenu iliungua.”

Aliondoka akaniacha na aibu yake. Nikajiambia: baba haoni vizuri, kwa hiyo hakumaliza. Mtoto mzuri humsaidia baba yake. Angalieni jinsi kiburi kinavyojua kuvaa nguo za wema.

Nikaishusha picha. Nililowesha kitambaa, nikasugua ile sehemu ya katikati mpaka mchanga wote ukatoka, kwa sababu niliuona ni uchafu. Karatasi ilipokauka nikachukua rula na krayoni. Nikaweka nyasi za kijani, njia ya kahawia yenye kingo zilizonyooka, bendera, na watoto sita waliolingana urefu. Nilijaza kila mahali, nikikandamiza krayoni mpaka karatasi ikang’aa. Nilipomaliza nilifurahi, niliona kwamba sasa inafanana na picha zilizomo vitabuni. Nikairudisha ukutani, nikanyamaza ili baba ashtuke kwa furaha.

Jumapili asubuhi baba alisimama mahali pake. Alisubiri. Akasogea nyuma hatua moja, kisha mbele. Akafumba macho, akayafumbua.

“Kumekucha?” akaniuliza.

“Ndiyo, baba.”

“Kuna mawingu?”

Jua lilikuwa limejaa chumbani mpaka vumbi lilionekana likielea. “Hapana, baba.”

Alinyoosha mkono kunitafuta.

“Hebu njoo hapa. Nitazamie katikati ya picha, pale kiwanjani. Mwanga upo?”

Hapo ndipo ningeweza kusema. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: nimeupaka rangi. Lakini nilimwona jinsi uso wake ulivyobadilika, nikajua kwamba nimeharibu kitu kikubwa kuliko nilivyodhani. Nikaogopa.

“Upo, baba,” nikasema. “Upo vilevile.”

“Ahaa,” akasema taratibu. “Basi ni mimi.”

Akageuka, akapapasa kiti, akakaa mgongo ukiwa kwa dirisha. Chai ilipoa mbele yake.

Jumatatu alinituma nikamwite msimamizi wa ujenzi. Wakati huo zahanati mpya ilikuwa inajengwa, na kuta zake za ndani zilikuwa kazi ya baba. Alikuwa ameingojea kazi ile tangu msingi ulipochimbwa. Aliwahi kutuambia kwamba akimaliza zile kuta, hata macho yakifunga duka, hatadai. Alitaka wagonjwa walale wakitazama ukuta usio na kasoro, na yeye ajue kwamba wa mwisho ulikuwa bora kuliko wote. Msimamizi alipofika, baba alimwambia kwa kinywa chake mwenyewe: “Tafuta fundi mwingine. Mimi sioni tena.” Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikasikia kila neno.

Jumanne alikuja Fundi Mdogo. Huyo alikuwa mtu mzima mwenye watoto watatu, lakini kwa sababu alijifunzia kazi kwa baba, jina la Mdogo lilimganda.

“Shikamoo, fundi mkuu.”

“Marahaba. Kaa.” Baba alikuwa ameshaufungua mfuko wake sakafuni. Alitoa mwiko, timazi, pima maji, na kile kibao cha kulainishia ambacho mpini wake ulikuwa umeliwa na kiganja chake kwa miaka ishirini. Alivipanguza kimoja kimoja, akavikabidhi.

“Siwezi kuvichukua, fundi mkuu,” Fundi Mdogo akasema, na macho yake yalikuwa mekundu.

“Utavichukua. Chombo kisichotumika hushika kutu, na mimi sitaki kusikia kutu ikinicheka humu ndani. Kuta za zahanati ni zako. Usinitie aibu kwenye pembe.”

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Msinihurumie, kulia hakukunizuia kunyamaza. Kila saa iliyopita ilifanya neno lile liwe zito zaidi. Jumapili ningekiri kosa la krayoni tu. Kufika Jumanne ilinibidi nikiri pia vyombo, kuta na siku tatu za baba yangu.

Jumatano nilirudi kutoka shule nikamkuta baba amejifunga kitambaa machoni. Alikuwa anatembea kutoka kitandani hadi mlangoni, akihesabu hatua.

“Kwa nini umejifunga, baba?”

“Najifunza. Bora nianze mapema, kabla sijawa mzigo.” Alijaribu kucheka. “Hatua saba mpaka mlangoni. Ya nane ni kizingiti, na kizingiti hakina adabu, kimeshanipiga mara mbili.”

Akapapasa mezani, akapata chupa ya chai na kikombe. Akamimina. Chai haikuingia kikombeni, ilimwagikia mkono uliokishika. Hakupiga kelele. Aliuma mdomo tu, akasema, “Na hilo pia nitajifunza.”

Ningependa kuwaambia kwamba ni huruma peke yake iliyonifungua kinywa. Sehemu ilikuwa huruma. Sehemu nyingine ni kwamba mama alikuwa anarudi kesho yake, na mama alikuwa na macho.

“Baba, si macho.”

“Nini si macho?”

“Mwanga wa kiwanja. Ni mimi niliyeufuta. Jumamosi. Niliusugua, nikapaka krayoni.”

Alifungua kitambaa. Akatembea mpaka kwenye picha, na yeye aliyekataza isiguswe akaweka vidole vitano katikati yake. Vikateleza.

“Nta ya krayoni,” akasema. Akapapasa tena kana kwamba anatafuta kitu kilichodondoka. “Na mchanga wangu?”

“Nilidhani ni uchafu.”

“Na Jumapili nilipokuuliza?”

“Niliogopa.”

“Sikukuuliza kama unaogopa. Nilikuuliza kama mwanga upo.”

Hakunipiga, na ningeona nafuu kama angenipiga. Alisema tu, “Siku nne. Nimekaa siku nne nimelipa dirisha mgongo, na mimi siku zangu za kuona ni za kuhesabu.” Kisha akaniambia nivae viatu nimpeleke zahanati.

Fundi Mdogo alipotuona aliacha kazi, akautwaa mfuko wa vyombo na kuuweka mikononi mwa baba kabla hata hatujaeleza. “Vyombo ni vyako, fundi mkuu. Vilinikataa hata kuvishika.” Lakini msimamizi alitikisa kichwa.

“Mzee wangu, Jumatatu uliniambia huoni. Leo Jumatano unaona. Ijumaa je? Siwezi kuweka fundi ambaye macho yake yanakwenda na kurudi kama umeme.”

Baba alitundika mfuko begani. Hakunitaja. Nikajitokeza mwenyewe, nikasema ni mimi niliyeiharibu picha, baba hakukosea chochote, anaona vilevile kama zamani. Msimamizi alinitazama kwa upole.

“Una mapenzi na baba yako, binti. Lakini usimtetee kwa uongo.”

Siku nne niliusema uongo ukaaminiwa, na siku niliyosema kweli nikaambiwa naongopa. Tulirudi nyumbani. Mfuko wa vyombo ulikuwa begani mwa baba, na haukuwa na kazi ya kwenda.

Alhamisi mama aliingia na kapu lake. Aliitazama picha kabla ya kuvua viatu.

“Nani ametundika kalenda humu ndani?”

Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akaketi, akajishika kichwa. Kisha akasema, “Rangi iliingia kwa mkono wako. Itatoka kwa mkono wako.”

Ijumaa sikupeleka picha yoyote shuleni. Kasuku aliuliza kwa nini, nami nikamweleza yote.

Kukwangua nta kulinichukua jioni mbili, kwa wembe wa zamani, nikiogopa kutoboa karatasi. Kisha baba akanichanganyia chokaa, kwa sababu kipimo alikijua kwa vidole. Nilipaka vizuri sana, nikasawazisha kila upande.

Baba aligusa kwa ncha ya kidole. “Huu ni ukuta wa zahanati. Mimi nilichora kiwanja. Jua la asubuhi pale linatoka upande gani?”

Sikujua. Nilipita pale kila siku ya maisha yangu, na sikujua.

“Nenda ukakae. Usiniletee miti wala watu. Niletee mwanga.”

Kesho yake nilikwenda mapema, nikaketi kwenye ngazi ya mashine ya kusaga. Mwanzoni sikuona kitu, nikachoka. Mfagiaji wa kiwanja alikuwa amemaliza kazi na kuondoka. Kisha jua likachomoza juu ya kibanda cha kinyozi, likaja chini chini likigusa udongo, na ardhi nzima ikaamka. Fagio la vijiti lilikuwa limeacha michirizi kila mahali, maelfu kwa maelfu, iliyojipinda kila fagio lilipogeuka. Kila mchirizi ulikuwa na upande mmoja mweupe na upande mmoja wa kivuli. Kandokando ya bomba, pale maji yalipomwagika, udongo ulikuwa laini na mweusi na haukuwaka hata kidogo. Hapakuwa na mstari mmoja ulionyooka, na kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona. Baada ya nusu saa jua lilipanda, michirizi ikazimika, na watu wakaanza kuja na madebe ya maji.

Nilirudi mbio. “Baba, ni fagio! Ile mikwaruzo ya mchanga ilikuwa fagio!”

“Fagio nililichora kwa kitana changu cha meno mapana, kile ulichofikiri ni cha nywele,” akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile mdomo wake ulicheza. “Kilete.”

Akanionyesha. Chokaa na mchanga zikiwa mbichi, unapitisha kitana kwa kupinda mkono, jinsi mfagiaji anavyogeuka. Sehemu ya bomba unaiacha bila mchanga. Jua likiipiga picha kwa ubavu, kila ukingo unashika mwanga wake na kutupa kivuli chake, na weupe unazidi weupe wa kawaida. Ndiyo sababu macho yake dhaifu yaliuona. Nilirudia mara tatu, na kila mara nilirudi kiwanjani kutazama upya.

Jumapili ya wiki iliyofuata chokaa ilikuwa imekauka. Baba alisimama mahali pake, mikono nyuma. Mama aliacha kupepeta mchele.

“Upo,” akasema. Akakaza macho. “Umesogea kushoto kidogo. Lakini upo.”

Mama alishukuru kwa sauti. Mimi nililia, na safari hii sikwenda nyuma ya nyumba.

Kuta za zahanati zilimalizwa na Fundi Mdogo. Ni nzuri. Baba alikwenda siku moja akazipapasa zote, akamsifu, kisha akakaa nje peke yake kwa muda mrefu. Kazi nyingine ndogo ndogo alizipata, choo cha jirani na ukuta wa duka, lakini ule ukuta wake wa mwisho, ule aliouota, ulikwenda na zile siku nne. Hakuna kitana cha kuurudisha.

Wiki ya kumi na moja baada ya kuitengeneza picha, asubuhi moja isiyo na wingu hata moja, baba alisimama mbele ya picha. Alisubiri. Akasogea nyuma hatua moja, kisha mbele. Mama alikuwa mlangoni na ndoo mkononi, akasimama palepale.

“Mwanangu,” baba akasema. “Nitazamie. Mwanga upo?”

Jua lilikuwa limeijaza picha. Michirizi yote ya kiwanja iliwaka. Kinywani mwangu kulikuwa na jibu jingine, jepesi na lenye huruma: kuna mawingu, baba, ngoja kesho. Nilimtazama mama. Mama hakunisaidia.

“Upo, baba,” nikasema. “Upo wote.”

Aliinamisha kichwa polepole, kama mtu anayekubali. Akanyoosha mkono, akaweka vidole juu ya chokaa, akafuata mchirizi mmoja mpaka ulipojipinda.

“Ahsante,” akasema. “Sasa najua ni macho.”

Nilianza kuomba radhi, lakini alinikatiza.

“Sikiliza. Mtu asiyeona hutembea juu ya maneno ya wenzake. Ukimwambia pana ngazi, anainua mguu. Ukimwambia hapana, anapita. Jumapili ile uliniambia mwanga upo, nami nikaacha kazi yangu kwa neno lako. Leo umenipa neno lilelile na linauma zaidi, lakini hili ni la kweli, naweza kulikanyaga. Kuharibu picha ni kosa la mtoto, na picha tumeitengeneza. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, maana kesho yake utakuwa unalipa kwa siku za mtu mwingine.”

Kisha akapapasa kiti, akakaa, safari hii uso ukielekea dirishani ili jua limguse.

“Haya,” akasema. “Chai inapoa. Nimiminie wewe, halafu nenda kiwanjani kabla jua halijapanda, uje unieleze fagio limepita vipi leo.”